Mbolea ya ruzuku, sacco ya wadi au bima ya mazao: mkulima wa Malindi na Magarini aanze na ipi?

Masika ikikaribia, mkulima wa huku kwetu husikia habari za msaada wa serikali kutoka kila upande. Chifu anatangaza barazani kuwa mbolea ya ruzuku imefika. Mwenyekiti wa kikundi anahimiza watu wanunue hisa za sacco ya wadi, yaani chama cha akiba na mikopo. Bwana shamba akipita anataja bima ya mazao. Kaunti ina matrekta yake, na simu nayo ina mkopo wa serikali ndani. Zote ni pesa za umma, zote zimetengwa kwa jina la mkulima, na karibu zote zinataka umfuate mtu ofisini. Mama anayelima ekari mbili Garashi, mwenye mbuzi wa kuchunga na mtoto wa kupeleka zahanati, hana siku za kushinda ofisi tano. Atafuata moja, labda mbili. Ndiyo maana naziweka hapa ubavu kwa ubavu.

Niseme mapema ninakoegemea. Wengi huchagua kwa kutazama bei: mbolea imeshuka, basi twende mbolea. Mimi nasema tazama maji kwanza. Shamba lenye maji ya uhakika na shamba linalongoja mawingu ni mashamba mawili tofauti, hata yakiwa lokesheni moja na yote yamepandwa mahindi. Msaada unaomwinua mwenye shamba la kwanza unaweza kumwongezea deni mwenye la pili.

Kabla ya yote, jina liwe kwenye orodha

Lipo jambo moja lisilo na mjadala, nalo ni usajili. Kuanzia mwisho wa 2022 na kuingia 2023, serikali ya taifa ilipitisha machifu na makarani vijijini kuandikisha wakulima katika mfumo wa kidijitali unaojulikana kwa kifupi KIAMIS. Huandikwa jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, ekari unazolima, mazao na mifugo. Mbolea ya ruzuku hupitia humo, na mipango mingine inazidi kuegemea orodha hiyohiyo. Asiyekuwemo anabaki kusimuliwa.

Kwa watu wa Pwani usajili huu una faida ambayo haisemwi vya kutosha: kinachohesabiwa ni ekari unazolima. Magarini na Malindi kuna familia zilizolima ardhi moja vizazi vitatu bila hati mkononi, na kila aliyewahi kuomba mkopo wa maana wa kilimo anajua hati ilivyo kikwazo. Shirika la Fedha za Kilimo lipo tangu 1963 na riba zake ni nafuu kuliko za benki nyingi, ila mikopo mikubwa hutaka dhamana, na dhamana huku kwa kawaida ni ardhi yenye karatasi. Basi pale ambapo mlango umefunguliwa bila kuulizwa hati, ingia.

Angalia sana namba ya simu. Ujumbe wa mbolea huenda kwenye laini iliyoandikishwa, wala hauendi kwa anayeshika jembe. Nyumba nyingi za Marafa, Adu na Langobaya baba yuko Mombasa au kwenye hoteli za Malindi, na mama ndiye shamba. Karani akija, mzee anaitwa, mzee anatoa namba yake. Miezi ikipita ujumbe unaingia kwenye simu iliyoko Mtwapa, na mama hana habari kwamba gunia lake lilikuwa likimngoja. Andikisheni laini ya anayelima. Kama imekwisha kuandikwa vingine, ofisi ya chifu ndipo pa kuanzia kuibadilisha, na ni kazi ya kufanywa kabla msimu haujaanza.

Mbolea ya ruzuku: nafuu ya kweli, kwa mwenye maji

Ruzuku ya pembejeo haikuanza juzi. Mwaka 2007 ulikuwepo mpango wa Kilimo Plus, uliompa mkulima maskini mbegu na mbolea ya kumtosha ekari moja. Ikafuata miaka ya mbolea ya serikali kuuzwa kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, ambapo wakubwa waliokuwa na lori walifika kwanza. Huu wa sasa ulianza Septemba 2022, wakati gunia la kilo 50 lilikuwa limepita shilingi 6,000 madukani. Serikali ikaliuza kwa 3,500, kisha Agosti 2023 ikatangaza 2,500.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Ukiwa umesajiliwa, unapata ujumbe wa simu unaotaja mgao wako kulingana na ekari. Unakwenda kwenye ghala au kituo kilichotajwa na kitambulisho chako, unalipa, unabeba. Ugumu uko njiani. Tuseme unatoka bara ya Magarini mpaka ghala la mjini: nauli yako kwenda na kurudi, nauli ya gunia juu ya matatu, boda ya kutoka stendi mpaka nyumbani. Gunia la 2,500 linaweza kufika shambani likiwa 3,300. Bado ni nafuu, lakini hesabu ya nyumbani ifanywe kwa 3,300. Majirani kumi wakikodi pikapu moja, pengo hilo hupungua sana. Ujumbe wao ukiingia wiki moja, wapange siku moja.

Sasa tuingie shambani. Mapendekezo ya kawaida kwa mahindi ni gunia moja la kupandia na moja la kukuzia kwa ekari. DAP, ya kupandia, ina asilimia 18 ya naitrojeni na 46 ya fosfeti, kwa hiyo gunia la kilo 50 linaingiza kilo 9 za naitrojeni na 23 za fosfeti. CAN, ya kukuzia, yenye asilimia 26 ya naitrojeni, inaongeza kilo 13 za naitrojeni mahindi yakifika magotini. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo kama 10,800. Gunia moja ukiligawa humo, kila shimo linapata kasoro ya gramu tano, yaani kifuniko kimoja cha chupa ya soda ambacho hakijajaa juu. Weka mbolea, funika kwa udongo kidogo, ndipo mbegu. Mbegu ikigusana na mbolea kwenye mchanga mkavu huungua, na mwenye shamba atadhani panya wamefukua.

Magunia mawili pamoja na usafiri tuyahesabu 6,600. Ikiwa gunia la mahindi la kilo 90 unaliuza 3,500, unahitaji karibu magunia mawili ya ziada ili pesa yako irudi. Kwa mtu wa ukingoni mwa mto Sabaki mwenye pampu, ekari iliyopaliliwa vizuri, mbegu ya Pwani Hybrid au nyingine inayofaa nyanda za chini, magunia mawili ya ziada ni jambo la kutarajiwa. Huyo namwambia bila kusita: fuata mbolea, hata kama itakugharimu siku mbili za foleni.

Mwenzake wa Langobaya au Adu, anayengoja mvua, anapiga hesabu nyingine. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika, na Magarini na Ganze zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Mbolea haileti mvua. Mahindi yaliyolishwa naitrojeni hutoa majani mengi, majani mengi hutaka maji mengi, na jua likishika wiki tatu mwezi wa Mei, shamba lenye mbolea hunyauka kabla ya lisilo nayo. Na mvua ikija kwa kishindo, mchanga wetu haushiki kitu. Naitrojeni inateremka chini ya mizizi kwa siku chache. Kwa mashamba hayo samadi ya zizini, ambayo wengi wanayo na wanaiacha irundikane, ndiyo inayojenga udongo ushike maji. Ukiwa na samadi ya kutosha, chukua gunia moja la ruzuku badala ya mawili, na ligawe kwenye kipande cha bondeni ambako unyevu hukaa. Kwingine panda pojo na kunde. Jamii hiyo hujitafutia naitrojeni yenyewe kutoka hewani, na pojo hukomaa mapema kabla ukame haujakaza.

Kuna suala la uaminifu wa gunia lenyewe. Mwaka 2024 nchi nzima iligundua kuwa baadhi ya magunia yaliyouzwa ndani ya mpango huu hayakuwa mbolea. Uuzaji wa bidhaa hizo ukasimamishwa, Bunge likamjadili waziri wa kilimo, na serikali ikaahidi kuwafidia walionunua. Jambo hili liliniuma kwa sababu aliyedhulumiwa zaidi ni yule aliyeuza mbuzi ili alipe gunia, akapanda kwa wakati, akapalilia kwa wakati, na akajilaumu mwenyewe mahindi yalipotoka manjano. Hatua tatu za kujilinda: dai risiti yenye jina la bidhaa na tarehe, kagua mshono wa gunia na alama ya ubora kabla hujaondoka ghalani, na weka konzi moja ya mbolea kwenye mfuko mkavu pamoja na risiti mpaka uvune. Mambo yakiharibika, risiti na ile konzi ndiyo kauli yako. Bila hivyo utaambiwa ni mvua.

Sacco ya wadi: polepole, lakini inakaa

Mlango wa pili unapitia kikundi. Kilifi ilikuwa kwenye mradi wa kilimo wa NARIGP uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na Lamu ikawa kwenye KCSAP, mradi mwingine wa namna hiyo. Tangu 2022 zote mbili zimeingia kwenye mradi uliofuata, NAVCDP. Mpango wake ni huu: wakulima wa zao moja wanaunda kikundi cha jirani, vikundi vinajiunga na sacco ya wadi, na pesa ya mradi inaingia kwenye sacco ili iwakopeshe wanachama. Hupewi gunia. Unapewa nafasi ya kukopa kwa masharti mliyoyapitisha wenyewe, mafunzo, na mahali pa kuuza pamoja.

Ukiilinganisha na mbolea, sacco inashindwa kwa mwendo. Mbolea ni wiki chache kutoka ujumbe mpaka shimo. Sacco ni mikutano, mchango, hisa, fomu, na huenda msimu mzima ukapita kabla hujashika shilingi ya mkopo. Tena kaunti ndiyo huchagua mazao yatakayosaidiwa, kwa hiyo ukilima kitu kilicho nje ya orodha utabaki mwanachama wa kusikiliza. Uliza orodha hiyo kwanza kabisa, kabla ya kulipa ada ya kujiunga.

Inashinda kwa upana. Pesa ya mbolea inafanya kazi moja tu. Mkopo wa sacco unaweza kuwa pampu ndogo ya kuvuta maji, banda la kuku wa kienyeji, mizinga, au tangi la kuvunia maji ya paa. Vitu hivyo haviondoki msimu ukiharibika. Mama wa Marafa mwenye kuku arobaini ana kitu cha kuuza Malindi mjini mwezi wa Februari, ambapo shambani hakuna hata jani la mchicha. Kwa watu wa ukame, hapa ndipo ninapoona ruzuku ya serikali inapogeuka mali.

Lakini kikundi ni watu, na watu hutofautiana. Tumeona vikundi vinavyozaliwa mwezi ambao mradi umetangazwa na kufa mwezi ambao fungu limeingia. Upande wa Gongoni nililiona daftari la kikundi kimoja cha akina mama ambalo lilinitosha kuwaamini. Mistari imechorwa kwa rula, safu ya majina, safu ya mchango wa kila Ijumaa, safu ya faini za kuchelewa, na pale mtu alipokosa kulipa wameandika sababu: msiba, mtoto mgonjwa, safari. Mwisho wa kila ukurasa sahihi tatu, na moja ni alama ya kidole gumba. Mweka hazina alinieleza, "Hapa hata mwenyekiti akichelewa analipa faini, mwanangu. Tumekataa kuoneana haya." Kikundi cha namna hiyo kikiingia kwenye sacco kitakopa na kitalipa.

Kwa hiyo ukitaka kujua ujiunge na kipi, omba kuona daftari. Uliza benki wanatia sahihi wangapi, na kama wote ni wa ukoo mmoja. Uliza mkutano wa mwisho wa hesabu ulikuwa lini na nani aliusoma. Kikundi kikikasirishwa na maswali hayo, kuna kingine.

Bima ya mazao: inafaa zaidi pale watu wasipoitarajia

Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa bima ya kilimo kwa msaada wa Benki ya Dunia, ukianza na mahindi na ngano katika kaunti chache kabla ya kupanuka. Ulipangwa hivi: serikali ilipe nusu ya ada ya bima, mkulima nusu. Tuseme ada ya ekari ni shilingi 2,000: wewe unatoa 1,000, nyingine inatoka hazina. Kabla hujatoa hata hiyo, mwulize bwana shamba wa wadi kama eneo lenu na zao lenu vimo msimu huu, na kampuni ipi imepewa kazi. Mpango huu huenda kwa eneo na kwa zao.

Ambacho wengi hawaelezwi ni jinsi malipo yanavyopimwa. Hakuna mtu atakayekuja kukagua shamba lako. Nchi hugawanywa katika maeneo ya bima, mashamba ya sampuli huvunwa na kupimwa ndani ya kila eneo, na wastani wake ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kila mwenye bima katika eneo hilo analipwa. Wastani usiposhuka, halipwi mtu, hata kama shamba lako halikutoa hindi moja.

Chukua utaratibu huo uuweke juu ya ramani yetu. Ukame ukipiga Langobaya, hupiga wote: jirani, shemeji, na mashamba ya sampuli. Wastani unashuka, malipo yanatoka. Kwa mkulima wa bara, bima hii inafuata hatari yake halisi. Sasa shuka mtoni. Mvua za El Nino za mwisho wa 2023 zilipojaza Sabaki, waliopoteza mazao ukingoni walikuwa wachache ukilinganisha na eneo zima, na msimu uleule wa mvua nyingi mashamba ya juu yalikuwa yamepata maji waliyoyakosa miaka mitatu. Wastani wa eneo ungeweza kusimama vizuri huku mtu wa mtoni akitazama nyanya zake zimelazwa kwenye tope. Na viboko wanaotoka usiku kula mahindi hawaingii kwenye wastani wowote.

Kwa hiyo hapa ushauri wangu unapindua ule wa mbolea. Mwenye maji aweke bima mwisho. Anayengoja mvua aiweke mbele ya gunia la pili la mbolea. Shilingi elfu moja inayoweza kurudi mwaka wa njaa ina kazi kubwa kwake kuliko naitrojeni itakayokauka ardhini.

Kwa nini tusipewe pesa taslimu?

Swali hili huulizwa karibu kila baraza, na wanaouliza huitaja Marekani. Ni kweli kwamba huko serikali hulipa wakulima pesa, na imefanya hivyo tangu sheria ya 1933, wakati bei za mazao zilikuwa zimeanguka vibaya. Kila eneo la kilimo linahudumiwa na ofisi ya serikali ya wakulima iliyo karibu, na wakulima wenyewe huchagua kamati ya kuisimamia. Bei ya mahindi, ngano, pamba au mpunga ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa kisheria, tofauti hulipwa. Sheria yao ya 2018 iliweka kikomo cha dola 125,000 kwa mtu kwa mwaka katika malipo hayo. Kwenye bima ya mazao, serikali hubeba kwa wastani asilimia kama 60 ya ada.

Tusidhani lakini kwamba huko mdogo ameneemeka. Malipo hufuata ekari na mavuno, kwa hiyo mwenye maelfu ya ekari hupata fungu kubwa, na mlima mboga hupata kidogo au hapati. Kuna kitu kimoja chao ambacho ningekileta Malindi kesho: malipo mengi ni kumbukumbu za umma. Raia anaweza kujua katika kaunti yake ni nani alipata kiasi gani. Sisi nasi tuna kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Orodha ya vikundi vilivyopata fungu katika wadi yako, na magunia mangapi yalifika ghala lipi, ni taarifa unayoruhusiwa kuiomba kwa barua. Iombeni kama kikundi. Barua yenye sahihi ishirini haipotei droo kirahisi.

Trekta la kaunti na mkopo wa simu

Haya mawili nitayapita haraka.

Trekta la kaunti hulima kwa bei chini ya ile ya watu binafsi, na kwa mwenye udongo mzito wa bondeni ni msaada mkubwa. Shida ni foleni. Trekta ni chache, mvua huja siku moja kwa wote, na anayelimiwa wiki tatu baada ya mvua ya kwanza amekwisha kupoteza sehemu ya msimu. Kama utalitaka, andika jina mwezi wa Januari na muwe majirani wenye mashamba yanayopakana, ili dereva asitembee kilomita kumi kwa ekari moja.

Hustler Fund, ule mkopo wa serikali unaoombwa kwa simu, ilizinduliwa Novemba 2022. Mkopo wa mtu binafsi ni kuanzia shilingi 500 mpaka 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Riba ni ndogo, lakini ulipaji ni ndani ya siku 14, na mahindi ya Pwani hukaa shambani zaidi ya miezi mitatu. Huwezi kulipia zao la siku mia kwa mkopo wa wiki mbili. Utumie kwa biashara ya kuzungusha, kama kununua maembe shambani na kuyauza sokoni, na shamba lako uliachie sacco.

Basi nani achukue nini

Mkulima wa ukingo wa Sabaki, mwenye pampu au jirani wa kumkodisha, aanze na mbolea ya ruzuku, magunia yote ya mgao wake. Baada ya hapo sacco, ili ikifika siku ya kununua pampu yake asikodi tena. Bima ya eneo asiitegemee. Pesa hiyo aiweke kwenye matuta na mitaro ya kupitishia maji ya mafuriko.

Mkulima wa bara, kuanzia Marafa kuelekea Adu, na upande wa Langobaya, aanze na kikundi chenye daftari safi. Bima iwe ya pili ikiwa imefika eneo lake. Mbolea achukue kwa kiasi, achanganye na samadi, na asikope ili ainunue. Najua ni vigumu kuacha kitu cha bei nusu kipite. Lakini mgao ni haki, si lazima, na shilingi 2,500 ni ada ya muhula ya mtoto kwa wengine.

Mwenye miti, yaani miembe, minazi na mikorosho ya Ganda, Kakuyuni na Mambrui, kwake uamuzi ni mwepesi zaidi. Mbolea ya mahindi haitamsaidia sana. Maumivu yake yako kwenye soko na wadudu. Tangu 2009 ni marufuku kusafirisha nje korosho ghafi, kwa hiyo bei ya mkulima inategemea wabanguaji wa ndani, na muuzaji wa debe moja hana sauti mbele yao. Maembe nayo: ngowe zikiiva zote Desemba, dalali anakuja na bei yake mfukoni. Kukusanya mazao pamoja, kununua salfa ya mikorosho na mitego ya nzi wa matunda kwa jumla, hiyo ni kazi ya sacco, na hakuna ruzuku nyingine katika hizi inayoifanya. Pia ashirikiane na majirani kuweka mitego kote, kwa kuwa nzi hawajui mpaka wa shamba.

Ndugu zetu wa Mpeketoni, Hindi na Witu wanaolima pamba wana hesabu yao pia. Mbegu ya pamba ya Bt, iliyobadilishwa vinasaba ili ijikinge na funza, iliruhusiwa nchini Desemba 2019, na serikali imekuwa ikigawa mbegu za pamba huko. Mbegu ya bure ni mwanzo mzuri, ila pamba hupaliliwa na kuchumwa kwa mikono mingi, na mnunuzi ndiye anayeamua kama ilistahili. Ningekuwa huko ningeingia kikundi cha kuuza kabla ya kupokea mbegu.

Kuhusu tarehe: mvua za masika hutarajiwa kuanzia mwisho wa Machi, na zikichanganya ni Aprili na Mei. Januari ni ya chifu na namba ya simu. Februari ni ya kikundi, trekta na kumwuliza bwana shamba habari ya bima, kwa kuwa ada hulipwa kabla ya msimu. Machi ni ya ghala. Ujumbe wa mbolea ukiwa haujafika mpaka wiki ya pili ya Machi, usingoje barazani; nenda ofisi ya chifu na kitambulisho, uombe usomewe namba iliyoandikwa mbele ya jina lako, tarakimu moja baada ya nyingine.